Kuku Mwekundu Aliyevuka Kilifi

Kwa nyinyi mliokuta mlango wa duka langu umefungwa mkadhani nimefariki, na hasa kwa yule aliyekwenda kwa jirani kuuliza suruali yake itarithiwa na nani: niko hai, suruali iko tayari, na haya ndiyo yaliyonipata.

Mnanijua. Mimi ni fundi cherehani wa Mariakani, na safari ninayoipenda ni ile ya kutoka kwenye cherehani kwenda kwenye sufuria. Watu wakinisifia Mombasa huwajibu kwamba hata Mariakani hapa bado sijaimaliza. Sasa mniwazie mtu huyo akiwa kwenye vichaka vya nyuma ya Marafa, viatu mkononi na kuku kwapani.

Yalianza kwa dereva wa lori la mkaa aliyeleta maneno. Kaka yangu Kahindi, ambaye ni askari wa msitu huko, ameamriwa na wakubwa wake awaondoe Waata waliobaki ndani ya mawe ya mpaka. Wasipotoka kwa maneno, vibanda vitiwe moto. Asipofanya hivyo, gwanda alirudishe.

Waata hao ni watu wa uta na asali. Sisi tumezoea kuwaita Wasanye, jina wasilolipenda. Baba zao waliwinda ndovu kwa pinde ambazo mimi nisingeweza hata kuzibeba, na tangu uwindaji upigwe marufuku wamekuwa wakipungua, huyu amefungwa, yule amekwenda mjini, mwingine amejiita Mgiriama ili apate amani. Kwenye msitu ule ilibaki kambi moja, kambi ya marehemu Bonaya. Na Bonaya alichanjiana damu na marehemu baba yetu, wakawa ndugu, mwaka wa njaa baba alipopotea msituni akakaa kwao mpaka mvua iliponyesha.

"Utakwenda," mama aliniambia, akiendelea kupeta mahindi. "Kahindi asiwashe moto pale."

"Mama, Kahindi ni mkubwa wangu. Ana bunduki. Mimi nina mkasi."

"Utakwenda na kuku." Akanionyesha tembe wake mwekundu, kipenzi chake. "Mpe mke wa Bonaya, Mama Dawe, kwa mkono wako mwenyewe. Asiliwe njiani, asiuzwe, asibadilishwe. Na chochote utakachopewa ule kwao, kula. Usiseme umeshiba."

Hilo la mwisho hakuwa na haja ya kuniagiza.

Mariakani mpaka Mavueni

Nilipata nafasi kwenye lori lililopeleka mikebe mitupu ya maziwa kwa njia ya Kaloleni. Nilidhani nafasi maana yake ni kiti. Ilikuwa ni juu ya mikebe, na kila shimo la barabara mikebe ilipiga kengele kama kanisa la Pasaka. Kuku alifungwa ndani ya kikapu cha ukili, kichwa nje, akitazama nchi. Yeye alifurahia safari tangu mwanzo.

Utingo, kijana mwenye mdomo usiopumzika, alinitazama nilivyokumbatia kikapu.

"Mzee, unakwenda kuoa?"

"Nakwenda kumwona kaka."

"Kaka gani anapelekewa kuku? Sema ukweli, huyo ni mahari. Sasa kama ni mahari, mwanamke mwenyewe ana macho?"

Lori zima lilicheka, na mimi nilicheka nao, kwa sababu ukiwa juu ya mikebe huna pa kwenda. Karibu na Kaloleni rejeta ilichemka. Tulikaa chini ya minazi tukisubiri ipoe, mama mmoja akatuuzia muhogo wa kuchemsha na pilipili ya ndimu. Nilikula sehemu yangu, na alipoona macho yangu akaniongezea. Mpaka hapo safari sikuiona mbaya.

Kivukoni Kilifi

Mavueni niliteremka, nikatembea hadi kivukoni. Feri ilikuwa ng'ambo ya pili, na ng'ambo ya pili ndiko ilikopenda kukaa. Fundi alikuwa ndani ya injini, miguu tu ikionekana. Malori yalipanga mstari mpaka mlimani, na watu walishazoea: huyu anasuka nywele, yule analala, wengine wamekaanga viazi na kuwauzia waliokwama.

Nilikaa karibu na mwanamke mchuuzi wa samaki, amejifunga leso mbili, na ndoo yake ya ng'onda. Alimtazama kuku wangu kwa jicho la biashara.

"Shikamoo mama," nilisema haraka, nikidhani heshima itamkinga kuku.

"Marahaba, mwanangu. Huyo wauza?"

"Hauzwi, mama. Ni amana. Nampeleka kwa Waata."

"Waata!" Akageuka mwili mzima. "Si wamekwisha hao?"

"Bado wapo."

"Wapo wapi? Mimi nilipokuwa msichana walikuja mpaka Mambrui na asali kwenye vibuyu, asali nyeusi, yanukia maua. Kisha nikasikia wamekwisha." Akanikazia macho, kama mtu aliyeambiwa kwamba jamaa aliyemfanyia matanga yuko hai. "Basi wasalimie. Waambie Mwana Esha wa samaki auliza asali."

Akanipa ng'onda mmoja wa njiani. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza niliona aibu, maana nilikuwa nabeba salamu kwenda kwa watu ambao ndugu yangu alikuwa anatafuta kiberiti cha kuwachomea.

Feri ilipotuvusha, kuku alitaga. Nahodha alidai yai ni la chombo. Nilimpa. Mama alinikataza kuku, mayai hakuyataja.

Tezo, na basi lililokaa kitako

Basi la Malindi lilitufikisha Tezo likakaa kitako. Gurudumu lilipasuka, na la akiba dereva alikuwa amemwazima shemeji yake. Tulishuka sote tukaingia kivuli cha mikorosho ya watu. Mwenye shamba, mzee mkali mwenye panga, alikuja kuuliza nani anaokota korosho zake. Hakuna aliyeokota, lakini kuku wangu alikuwa amechopoka na alikuwa katikati ya kuku wake, wekundu watupu!

Hapo nilitamani ardhi ipasuke. Yupi wa mama?

"Chagua," mzee alisema, "lakini ukichagua wangu, panga hili hapa."

Nilisimama kama mwanafunzi asiyesoma. Mwishowe mke wake alicheka, akamwaga mahindi mkono mmoja. Kuku wa pale wote wakaja mbio. Mmoja akabaki nyuma akishangaa, kichwa upande, kama mgeni asiyejua kama naye amekaribishwa.

"Huyo ndiye wako," akasema mama yule. "Anafanana na wewe."

Malindi, nyumbani kwa Bwana Athumani

Malindi nilifikia kwa Bwana Athumani, Mbajuni anayeniuzia vitambaa vya kanzu, mtu mwenye Kiswahili kilichonyooka hata ukimsikiliza unajirekebisha kola. Alinipokea mlangoni kwa mikono miwili, akakitazama kikapu.

"Karibu, karibu sana, ndugu yangu. Ati umekuja na kuku! Wallahi usingejisumbua."

Kwetu na kwao, mgeni akija na kuku, kuku ni wa mwenyeji. Hilo nalijua tangu kuzaliwa. Nilifungua mdomo kueleza, lakini tayari alikwisha mwita mkewe, Bi Rukia, na Bi Rukia alikwisha shukuru, na kikapu kikaenda uani. Mimi nikaketishwa kwenye mkeka, nikaletewa kahawa na kaimati. Mngekuwa nyinyi mngesema nini? Mwenyeji anakushukuru kwa zawadi, nawe umwambie si yako? Nilikula kaimati moja. Nikala ya pili nikiwaza. Uani nikasikia kisu kinanolewa.

Nikasikia, "Bismillahi..."

Niliruka, kahawa ikamwagika kwenye mkeka wa mwenyeji, nikatokea uani nikipiga kelele, "Ni amana! Ni amana ya mama!"

Bwana Athumani alisimama na kisu hewani. Nilimweleza yote pale pale, huku nimeshika miguu ya kuku: Kahindi, amri, kambi ya Bonaya. Alikisikiliza kisa mpaka mwisho, akampa mkewe kisu.

"Amana sisi hatuchinji," alisema. "Mwanamume, ungesema mapema tukachinja jogoo wetu." Kisha akauliza, "Na huyo kakako, ni mtu mbaya?"

"Si mbaya. Ana watoto shule. Ameapa kwa kazi."

"Basi ana shida kubwa kuliko mtu mbaya. Mtu mbaya angekuwa keshawasha moto."

Tulikula samaki wa kupaka, na kuku wa mama akapewa makombo ya wali wa nazi. Toka siku hiyo amekuwa na madaha.

Marafa, kwa Kahindi

Kutoka Malindi tulivuka daraja la Sabaki kwa pikapu ya mkaguzi wa pamba, ambaye alinifundisha magonjwa yote ya pamba mpaka Marafa. Hapo watalii huenda kutazama lile bonde la mchanga mwekundu. Mimi nililitazama kidogo, nikaona ni shimo, nikauliza njia ya kituo cha askari.

Kahindi alikuwa nje akipiga rangi buti zake. Ni mrefu, mkavu, amenyooka kama rula. Alinikumbatia, akamwona kuku, na uso ukafunga.

"Mama amekutuma."

"Amekutumia salamu."

"Salamu haziji na kuku mwekundu." Akakaa kwenye ngazi. "Sikiliza, mwenehu." Hilo neno, ndugu yangu kwa kwetu, hulitumia akiwa na uchungu. "Nimewaambia mara ngapi wahame? Kila nikiwaambia, Mama Dawe ananipa asali. Mkubwa wangu anakuja kukagua. Akikuta kambi, gwanda limekwenda, na analetwa askari mwingine asiyewajua, naye atachoma bila hata kubisha hodi. Unafikiri mimi silali kwa kupenda?"

"Lakini ni ndugu zetu."

"Undugu ule ulikuwa wa baba na Bonaya. Baba amezikwa, Bonaya amezikwa. Umekwisha. Usipokwisha, mimi nitafanyaje kazi?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali, lakini niliona mkono wake ukipaka rangi buti lile lile ambalo lilikwisha ng'aa.

Tulikubaliana, au tuseme alikubali na mimi nikatikisa kichwa: asubuhi nitangulie mimi na kuku wa mama, niwaambie kwa maneno laini wafungashe. Yeye atafuata alasiri.

"Wewe mtu wa maneno laini," alisema. "Tangu utoto hujawahi kubeba kitu kingine."

Kambini

Njia ya kambi ni ya miguu, na miguu yangu ni ya kukanyaga cherehani. Miiba ilinivua shati mpaka nikawa mfano mbaya wa biashara yangu. Njiani niliona mizinga juu ya miti, kila mti una alama yake kwenye gome, ya kuonyesha nyuki hao ni wa nani.

Kambi yenyewe ilikuwa vibanda vichache vya nyasi, na moshi mmoja. Mama Dawe alitoka akiinama. Mwanamke mdogo wa umbo, mzee, jino moja mbele likimchekesha hata akiwa amekasirika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni Karisa mnene. Kahindi ni yule mwingine." Hakuwa ameniona tangu utotoni. "Baba yako alikuwa anakula hivyo hivyo kwa macho. Kaa."

Nilimkabidhi kuku kwa mkono wangu. Alimtazama, akampindua, akacheka peke yake, akamwita mwanawe. Barisa ni rika langu, mabega mapana, mikono imevimba kwa miiba ya nyuki. Kuku alichinjwa kabla sijatoa hata neno moja laini. Wallahi nilisikitika, tulikuwa tumezoeana.

Nilianza hotuba yangu. "Mama, Kahindi anasema..."

"Kahindi anasema tuhame. Tunajua. Kula kwanza."

Barisa alitoa ini motoni, akalikata mbele yangu vipande viwili. Kimoja akakileta kinywani mwangu kwa mkono wake. Mimi, niliyetembea tangu alfajiri, nilidhani ni adabu ya watu wa pale. Nilifungua kinywa. Kisha akanitazama, akingoja, akafungua chake, nami nikamlisha kile cha pili, kwa shingo upande, maana nacho nilikuwa nimekitolea macho.

Wanawake wakapiga vigelegele. Watoto wakaja kunishika magoti. Mama Dawe akanipaka asali kwenye paji la uso kama mtoto wa jana.

"Kuna nini?" niliuliza, bado natafuna.

"Baba zenu walichanjiana damu," alisema. "Watoto hawachanjiani tena. Watoto hulishana ini, la kuku mwekundu aliyetoka nyumba ya pili. Sasa wewe na Barisa ni ndugu, na undugu umeanza upya. Mama yako hakukuambia?"

Nilisoma mpaka kidato cha nne. Hilo halikuwamo.

Kahindi alifika alasiri na bunduki begani na kiberiti mfukoni. Niliona umbo lake mfukoni. Alinikuta nimekaa kati ya watoto, midomo inang'aa mafuta, asali kwenye paji la uso. Akatazama manyoya mekundu yaliyotapakaa.

"Karisa," alisema polepole. "Nani amekula ini?"

"Mimi na Barisa."

"Nyote wawili?"

"Tulilishana."

Alivua kofia. Nilidhani atanipiga nayo. "Nimekutuma uwaambie wahame, wewe ukaja ukawafanya ndugu zangu! Nduguyo ni ndugu yangu pia! Ninamchomaje mtu niliyezaliwa naye?"

"Sikujua!"

"Hujawahi kujua! Unakula tu!"

Barisa aliinama asicheke. Mama Dawe hakuinama.

Kahindi alikaa juu ya gogo, akatupa mgongo. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya chini, na haikuwa na mzaha. "Huruma yako, Karisa, mpaka sasa imelipiwa na mshahara wangu. Mkubwa akija, wewe utakuwa Mariakani unashona. Watoto wangu ndio watakaorudi nyumbani. Ndugu akikosa pa kukaa, hupewa shamba la nduguye. Haya, wewe ndugu wa ini. Shamba la baba liko hapo, nje ya mawe ya mpaka. Nusu ni yako. Toa."

Nyinyi mnalijua shamba hilo, kwa sababu nimewasumbua nalo miaka yote. Ndilo ambalo siku moja nitaacha cherehani niende nikapande mikorosho, nikae kivulini nizeeke vizuri. Ile mikorosho nimeipanda kwa mdomo hapo dukani mpaka baadhi yenu mmeshaniagizia korosho. Nilimtazama Barisa. Niliwatazama watoto walioning'inia magotini. Ini lilikuwa limeshashuka tumboni, na halirudishwi.

"Chukueni," nilisema.

Kahindi aligeuka. Nadhani alitegemea nibishe, tubishane hadi mkubwa aje. Akakoroma kooni kama afanyavyo akishindwa. "Nusu yako haina maji," alisema. "Waongezee yangu mpaka kisimani."

Mama Dawe hakushukuru mara moja. Alitazama kibanda chake, mti wa mbele yake, na njia iliyoingia msituni.

"Mimi sikuomba mpaka," alisema. "Nilizaliwa haupo. Ndugu nawapokea. Mpaka siupokei, nitaupita tu."

"Utaupitaje, mama?" Kahindi aliuliza kwa adabu ya kiaskari.

"Mizinga yetu imo ndani."

Kahindi alifikiri. Nilimwona anavyozunguka amri yake, kama ninavyogeuza kitambaa kidogo nikitafuta mkono wa shati utatokea wapi. "Nimeamriwa nitoe watu wanaokaa," alisema mwishowe. "Mizinga haikutajwa. Na mizinga haiwezi kwenda kujitazama."

Basi tulihama. Hakuna kilichochomwa. Kahindi alivua gwanda, akalikunja vizuri juu ya jiwe, akabeba miti ya vibanda begani pamoja na Barisa. Mimi nilibeba chungu cha asali, kwa sababu Mama Dawe alisema ndicho kitu pekee ambacho angeniamini nacho. Hakunijua vizuri. Kiberiti cha Kahindi ndicho kilichowasha moto wa kwanza, wa kupikia, kwenye shamba la baba.

Mkubwa alipokuja, alikuta msitu mtupu na nyuki wengi. Alimsifu Kahindi kwa kazi safi. Kahindi hakula siku ile, aliniambia, kwa sifa hizo.

Nyumbani

Njia ya kurudi siisimulii. Feri ilikuwa ng'ambo ya pili. Mwana Esha wa samaki nilimkuta pale pale, nikampa kibuyu chake cha asali, akakinusa akafumba macho.

Mama alikuwa anapeta mahindi kama nilivyomwacha. Nilimsalimu, nikakaa, nikamwambia kuku alifika.

"Ulikula ini?"

"Nilikula." Nikamtazama. "Mama, ulijua. Kwa nini hukuniambia? Na kwa nini hukumwita Kahindi mwenyewe akale? Yuko pale pale, anapewa asali kila siku."

Alipuliza kapi, akachagua jiwe dogo kwenye mahindi, akalitupa.

"Kahindi huuliza kabla ya kula," alisema. "Nilihitaji mtoto anayeuliza akishameza."